Kitenge Katikati ya Viti

Baba mkwe wangu alikuwa na vikohozi viwili. Kimoja kilikuwa cha kifua, cha baridi ya Uyole, kilimjia kama kinavyomjia mtu yeyote. Cha pili kilikuwa changu. Alikikohoa akiwa bado ndani ya chumba chake cha nje, kabla hajafungua mlango, ili nijue kwamba anataka kupita uani. Nikikisikia naacha nilichoshika, naingia jikoni na kurudishia mlango, yeye anapita. Na mimi nikitaka kwenda kuanika nguo nagonga sufuria kwa mwiko, naye huko ndani anajua asitoke kwanza.

Ndugu zangu wa Iringa nilipowasimulia walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Katika familia hii ya Kinyakyusa niliyoolewa, mkamwana na baba mkwe wake hawakutani. Wengine siku hizi wamelegeza, hawa hawajalegeza. Hawasalimiani, hawatazamani, hawaketi chumba kimoja, hawapandi gari moja. Ni heshima, nilielezwa, na walionieleza walinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mgeni kwamba nyumba hii viatu vinaachwa mlangoni. Nilikubali. Nilikuwa nimempenda mtu, wangeniambia nitembee kinyumenyume ningetembea.

Kukubali kulikuwa rahisi, kuzoea ndiko kulikonishinda. Mimi nimekulia Idodi, kwenye vumbi la barabara ya kwenda mbugani, na nilikuwa mtoto wa baba. Tulikula sahani moja. Akirudi shambani aliniita mimi kabla hajamwita mama, na nikinuna alinikalisha mbele ya baiskeli tukazunguka kijiji kizima mpaka nicheke. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kule ninakokwenda kuna baba, mzee mpole, mcheshi, mkulima wa ndizi na chai, nilijisemea moyoni kwamba Mungu amenirudishia. Kumbe nimerudishiwa kikohozi.

Mama mkwe alipokuwa hai nilivumilia, maana yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Tulipowatembelea kijijini alitoka kwa mzee akaja jikoni nilikokaa akasema baba yako kasema hivi, baba yako kauliza vile. Alipofariki, mdomo ukafungwa. Mzee akabaki peke yake kijijini, barabara ya kwenda Tukuyu, na macho yake yakaanza kuingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba atafanyiwa upasuaji presha yake ikishatulia. Mume wangu akamleta kwetu Uyole, akampa chumba cha nje, akamleta na shangazi yake, dada wa mzee, aje amhudumie. Kisha yeye mwenyewe akarudi Chunya kwenye mashine zake za kusaga mawe ya dhahabu, akaniachia ua wenye kikohozi na sufuria.

Nitasema wazi nilichokuwa nakitaka, maana sioni aibu. Nilitaka kujua kama mzee huyu ananihesabu mtoto wake, au mimi ni mlango tu unaofungwa akikohoa. Mtu wa kumuuliza hakuwepo. Shangazi nilimuuliza siku moja, akaniambia heshima ndiyo upendo wenyewe, nenda kachambue mboga.

Sasa nije kwenye gari. Lilikuwa la mume wangu kwa jina na langu kwa matumizi. Ni gari la michezo, mtumba wa Japani, milango miwili na viti viwili, liko chini kiasi kwamba kulipanda ni sawa na kukaa kwenye kigoda. Alilinunua siku dhahabu ilipomchekea, akagundua baada ya wiki chache kwamba kule machimboni halifai, akaniachia mimi na yeye akachukua pikapu. Alidhani ananitwisha mzigo. Hakujua kwamba utoto wangu wote nilikaa kando ya barabara nikitazama magari ya watalii yanavyopita Idodi, nikimeza vumbi lao na kutamani kuwa ndani. Majirani walisema mwanamke wa duka la dawa na gari kama lile, wapi na wapi. Niliwajibu kwa kuongeza gia.

Kabla hajaniachia alinipeleka nalo Chunya, kiangazi, kwenye kiwanja kipana ambako malori ya tumbaku huegeshwa wakati wa msimu. Siku hiyo kilikuwa kitupu. Akanionyesha kitufe kilichoko karibu na gia, chenye picha ya gari linaloacha nyuma yake mistari iliyopindapinda. Gari hili, akaniambia, lina akili yake. Gurudumu likianza kuteleza, lenyewe linapunguza nguvu ya injini. Mkia ukitaka kukimbia, linabana breki upande mmoja na kukurudisha kwenye mstari, wala hujui kama umeokolewa. Ukibonyeza kitufe mara moja unazima msaada wa kwanza. Ukikishikilia mpaka taa ya pili iwake, umezima yote, umebaki wewe na barabara.

Akakishikilia mpaka taa ya pili ikawaka. Akajifunga mkanda, akaniambia haya.

Nilikanyaga mafuta kwa papara, mkia ukanipita, nikajikuta natazama nilikotoka. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Nikakasirika, na mimi nikikasirika sinyamazi, nikamwambia gari lako lina jeuri. Alicheka mpaka akakohoa vumbi.

“Mkia ukikimbia usibishane nao,” akasema. “Peleka usukani kulekule unakokimbilia. Mguu utulie. Usiachie mafuta kwa woga, usiongeze kwa hasira.”

Ilinichukua asubuhi nzima. Lakini gari lilipokubali, jamani. Nililisikia kwenye kiuno na kwenye viganja, kila kuachia na kila kushika, kama unavyousikia ugali unavyokaza kwenye mwiko. Sijawahi kuwa mwangalifu vile maishani mwangu. Watu hudhani anayezima misaada ile ni mkorofi anayetafuta sifa. Mimi nilijikuta mpole kuliko siku zote, kwa sababu hakuna wa kunifichia kosa, na mume wangu pale pembeni amenishika bega kidogo tu. Tulirudi Uyole kope zimejaa vumbi, na mjini sikukigusa tena kile kitufe. Mjini kuna watoto, kuna mbuzi, kuna bodaboda. Msaada wote nauhitaji.

Mzee alipohamia kwetu, kipupwe kikaingia. Uyole Juni na Julai kuna asubuhi ambazo vioo vya magari vinaganda, na mwaka uliotangulia nilikuwa navikwangua kwa kipande cha plastiki huku nikitukana kimoyomoyo. Mwaka huo sikukwangua hata siku moja. Kila asubuhi nilikuta kioo cha mbele kimefunikwa magunia, yamewekewa mawe pembeni yasipeperushwe na upepo. Nikajua ni shangazi. Nikamshukuru, akaitikia mh, kama kawaida yake, nikaondoka zangu kwenda dukani.

Upasuaji ulifanyika mvua zikiwa zimeshakolea. Walianza na jicho la kushoto, likapona vizuri. Mzee akarudi na miwani myeusi na masharti: asiiname, asibebe kitu, asipigwe vumbi, asibanane na watu. Lakini alikuwa na ahadi. Binti yake, wifi yangu, ameolewa Igowole kule Mufindi, na mtoto wake wa kwanza alikuwa anapata kipaimara Jumapili hiyo. Mzee aliahidi kumwona mjukuu mbele ya madhabahu kwa macho yake mwenyewe. Baada ya hapo angebaki kulekule. Wifi alikuwa amemwandalia chumba, na mzee, kwa maneno niliyoletewa na shangazi, alisema amechoka kumkimbiza mkamwana wa watu jikoni kwake. Sikujua nicheke au nilie. Nilichojua ni kwamba anaondoka, na swali langu anaondoka nalo.

Mume wangu alikuwa aje Ijumaa na pikapu. Ijumaa jioni akapiga simu, gia boksi imevunjika, fundi anangoja kipuri. Basi halikuwezekana kwa yale masharti ya daktari. Kukodi gari mzee alikataa, hakutaka kusafiri na mtu asiyemjua akiwa na jicho bichi. Ikafika Jumamosi asubuhi, uani kuna gari moja lenye viti viwili, na dereva mmoja, na dereva mwenyewe amejificha jikoni.

Shangazi alikaa kwenye kigoda akawaza. Akawapigia simu wazee wa ukoo, akaongea Kinyakyusa cha haraka ambacho mimi huambulia nusu. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kitenge cha marehemu mama mkwe, cha bluu chenye majani ya njano, na kamba, na vibanio vya nguo. Akajipenyeza garini kwa taabu, magoti kifuani. Alifunga kamba kutoka kwenye kioo cha ndani mpaka nyuma ya viti, akakianika kile kitenge katikati, kikashuka mpaka kwenye gia. Alipomaliza akanifuata jikoni.

“Hii kitenge ndiyo ukuta,” akasema. “Wewe huku, yeye kule. Hapo hamjakutana.”

Nikamuuliza, na kama nina neno la kumwambia njiani?

“Unaiambia gari. Na yeye ataiambia gari. Gari haina mkwe.”

Nilipanda kwanza nikageuza uso dirishani. Nikasikia kikohozi, kile changu, kisha mlango wa kushoto ukafunguliwa na gari likainama kidogo. Kitenge kilikuwa bado kina harufu ya moshi wa kuni na sabuni ya mche. Shangazi akafunga mlango kwa nguvu nyingi kuliko zinazohitajika, na tukaondoka.

Kutoka Uyole mpaka Chimala hatukusema kitu. Mimi nilikuwa na shida yangu nyingine, kwamba kitenge kilinificha kioo cha pembeni cha kushoto, nikawa naendesha kama mtu aliyefumba jicho moja. Mchele wa Mbarali ulikuwa umepangwa barabarani kwenye madebe, malori ya Zambia yanapanda kwa kunguruma, na mimi nashika usukani kama mwanafunzi. Nilijisikia nina hasira na shangazi, na wazee wa ukoo, na gia boksi.

Tulipopita Igawa, sauti ikatoka nyuma ya kitenge.

“We gari,” ikasema taratibu. “Kumbe ndiyo unatembea hivi. Nilikuwa nakusikia tu ukitoka asubuhi.”

Nilishtuka nikapunguza mwendo. Sauti ya mzee yule nilikuwa nimeizoea kupitia ukutani, imekauka, haina maneno. Kwa karibu hivi ilikuwa nyingine kabisa, nzito na yenye kicheko ndani yake. Nikaliambia gari limwambie mzee kwamba kama jua linamuumiza, juu yake kuna kivuli cha kushusha. Nikasikia mkono ukipapasa, kikashushwa.

Baada ya hapo maneno yakafunguka. Aliliuliza gari kama limekula, nikaliambia gari lijibu kwamba limejaza tangu jana. Aliliuliza mbona linapunguza, gari likajibu kuna trafiki mbele amesimama kivulini. Alilisimulia gari jinsi alivyoenda kuoa kwa miguu, na mvua ilivyomnyeshea mpaka wakwe wakamkopesha shati. Gari likacheka. Nilicheka kwa sauti, siwezi kudanganya, na upande wa pili akacheka naye, na kile kitenge kikatikisika kati yetu.

Tukakaribia Makambako. Nilidhani amelala.

“Gari,” akasema. “Kipupwe kijacho nani atakufunika?”

Sikuelewa upesi. Kisha nikaelewa, na ikabidi niingie pembeni ya barabara nisimame.

“Gari,” nikasema, “mimi nilidhani ni shangazi.”

“Huyo? Huyo baridi inamkuta kitandani.”

Nikamwona akilini, mzee asiyeona vizuri, anatoka gizani na magunia, anapapasa kioo kilipo, anatafuta mawe kwa vidole katika baridi ile. Kisha anarudi ndani kabla sijaamka, ili asilazimike kunikoholea. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Nilitaka kusema asante, baba. Lakini nilikuwa nimepewa gari la kusema nalo, si baba, na shangazi alikuwa bado kichwani mwangu na vibanio vyake. Nikasema gari, asante. Nikafuta uso kwa mkono wa sweta, nikarudi barabarani.

Pale Nyololo tukaacha barabara kuu, na mvua ikatupokea. Huko mbele walikuwa wanatengeneza barabara, kwa hiyo magari yanashushwa kwenye mchepuko wa udongo mwekundu unaozunguka kilima na kukipanda upande wa pili. Malori ya magogo na ya chai yalikuwa yameshaukanda udongo ule mpaka ukawa uji. Upande wa kulia kingo ya mlima, upande wa kushoto mtaro ambao maji yalikuwa yameuchimba ukawa korongo.

Nikaingia gia ya pili nikaanza kupanda. Gari likafika katikati ya kilima, magurudumu ya nyuma yakateleza, na lile jambo alilonieleza mume wangu likatokea. Taa ikaanza kupepesa kwenye dashibodi, injini ikanywea. Nakanyaga, halinipi nguvu. Linanizuia nisiteleze, na kwa kunizuia hivyo linaniacha nikizama. Tukasimama. Nikarudi nyuma taratibu mpaka chini, nikajaribu tena, likanywea palepale. Nyuma yetu lori la magogo likapiga honi.

“Gari limechoka?” mzee akauliza.

“Halijachoka,” nikasema. “Linaogopa kwa niaba yangu.”

Nikarudi tena chini. Nikaweka kidole kwenye kile kitufe, nikakishikilia. Taa ya kwanza. Taa ya pili. Nikaliambia gari limwambie mzee kwamba kuna kidude nimekizima, ashike mpini wa mlango na aegemeze kichwa, jicho lisitikisike. Chunya nilikuwa na kiwanja kizima cha kukosea. Hapa nilikuwa na mzee wa watu na jicho lake jipya.

Nikaondoka kwa mguu mwepesi. Gari likayumba, likashika, likayumba, tope likapiga chini ya tumbo lake. Safari hii injini haikunywea. Tulipanda pale liliponikatalia, tukapita, na nikaanza kuamini. Ndipo mkia ukaanza kwenda kushoto, taratibu, kuufuata mteremko wa barabara kuelekea kwenye mtaro. Nikatazama kioo cha pembeni nijue imebaki nafasi gani, nikaona majani ya njano.

“Gari,” nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kulia, “sioni kushoto.”

Mkono wa mzee ukakivuta kile kitenge. Vibanio viliruka, kimoja kikanigonga shavuni, mwanga ukaingia wote.

“Mwanangu,” akasema, “gurudumu la nyuma liko ukingoni. Limebakiza unyayo. Sasa nusu unyayo. Mimi naangalia huku, wewe endesha.”

Mwili wangu wote ulitaka kukimbilia kulia, mbali na shimo. Nikapeleka usukani kushoto, kulekule mkia unakokimbilia, nikautuliza mguu. Kwa muda mfupi tulitazama korongo wote wawili, mimi na yeye, kupitia kioo kimoja cha mbele. “Unarudi,” akasema. “Unarudi, mwanangu. Umerudi.” Nikausikia kiunoni kabla hajamaliza kusema, gari likajinyoosha, likashika, likapanda mpaka juu kwenye kokoto.

Nikasimama. Mvua ilikuwa inapiga paa. Tulitazama mbele, hakuna aliyegeuka.

“Ndaga,” akasema mzee. Kwao ndiyo asante. Hakusema gari.

Nilisubiri akitundike kitenge. Nikasikia anakikunguta, kisha nikaona kwa pembe ya jicho kwamba anakikunja, mara mbili, mara nne, kama anavyokunja mtu nguo ya kuweka sandukuni. Akakiweka mapajani akakishikilia kwa mikono yote miwili. Tukaendelea hivyo, kati ya mashamba ya chai na misonobari iliyoloa, bila ukuta, bila gari kuwa mkalimani, na ajabu ni kwamba hatukuwa na maneno mengi. Alisema huku mvua inanyesha kama kwetu. Nikasema ndiyo, baba. Neno lilitoka lenyewe, nikalisikia likiwa limeshatoka.

Tulipokaribia Igowole akaniomba nisimame. Nikaegesha chini ya misonobari, nikazima injini.

“Pale kuna watu,” akasema. “Kuna wakwe wa binti yangu, kuna mchungaji. Wakituona hivi watasema sisi watu wa Mbeya tumepotea.”

Akaanza kufunga kamba upya. Vidole vyake vilikuwa vizito, lakini sikuthubutu kumsaidia. Alipobakiza kibanio cha mwisho, kile cha mbele, alisimamisha mkono. Akavua miwani myeusi. Kisha akanigeukia akanitazama, si kwa kuiba, alinitazama usoni kama mtu anayesoma barua ya mbali, na mimi sikugeuza uso.

“Marehemu alikuwa ananisimulia,” akasema. “Alisema una mwanya. Alisema na ukikasirika pua inapanuka.”

“Nilikuwa nimekasirika?”

“Kule kwenye tope. Ilipanuka kweli.”

Nikacheka huku nalia, sijui pua ilikuwaje.

“Hili jicho nimetibiwa nimwone mjukuu,” akasema. “Limeanza na wewe.”

Akavaa miwani, akabana kibanio. Majani ya njano yakashuka kati yetu. Nikawasha injini, na zile taa mbili hazikuwaka. Ndivyo gari lile lilivyo: ukilizima na kuliwasha tena, misaada yote inarudi yenyewe, huna haja ya kubonyeza kitu. Tukaingia Igowole polepole, tumefuata utaratibu wote.

Pale kwa wifi nilibaki garini nimegeuza uso mpaka mzee alipoingizwa ndani kwa vigelegele. Kesho yake kanisani yeye alikaa mbele na wazee, mimi nyuma na akina mama, na mtoto alipopiga magoti nilimwona mzee akivua miwani. Mchana nikala jikoni. Nilipoondoka nilisikia kikohozi kutoka sebuleni, kile changu, ingawa hakuwa anapita popote. Sikuwa na sufuria. Nikapiga honi kidogo.

Kitenge sikukitoa mpaka nilipofika Uyole. Shangazi alikikagua, akauliza kama kuna lolote lililotokea njiani. Nikamwambia tope. Kipupwe kilichofuata nilifunika kioo mwenyewe, kwa magunia yaleyale na mawe yaleyale.

Siku hizi Jumapili mzee akitoka kanisani anampigia mwanawe, ambaye mwisho wa wiki huwa nyumbani. Wanaongea habari za Chunya, na za migomba ya kijijini nani anaipalilia, kisha anauliza gari. Mume wangu anaweka simu mezani, sauti ameifungulia, anasema kuna kitu anakwenda kuangalia nje, na huko nje hakuna cha kuangalia. Nabaki mimi na simu. Gari limeamkaje, anauliza. Gari limeamka salama, najibu. Ananiambia jicho la pili nalo limetibiwa, chai imechumwa vizuri, mjukuu amekuwa mkorofi. Namwambia gari limesikia.

Jumapili iliyopita aliniambia huko mvua imeanza tena, na mchepuko ule bado upo, ni tope tupu. Nikasema basi gari litasubiri barabara ikauke ndipo lije kumsalimia.

“Usisubiri ikauke, mwanangu,” akasema. “Zima kile kidude, uje.”

Nimeshajaza mafuta.